Mtoto asiyeonekana darasani yuko wapi? Barua ya wazi kwa serikali baada ya Shakahola

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Waziri wa Elimu, Mwanasheria Mkuu, wakuu wa Idara ya Huduma za Watoto, na Gavana wa Kaunti ya Kilifi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Malindi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi za serikali katika kaunti hii, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Nayataja yote mawili mapema ili asiwepo wa kusema kwamba mwandishi ana chuki na dini, au kwamba hajui shule za mashambani Magarini zinavyoendeshwa.

Tangu Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa, nimewasikia mkiuliza swali moja: tutamjuaje mhubiri mpotovu kabla hajaua? Mmeunda tume, kamati na jopo ili mpate jibu. Swali hilo litawashinda. Mhubiri mpotovu anashika Biblia ileile tunayoishika sisi, anaimba pambio zilezile, na siku ya harambee pengine mmeketi naye meza kuu. Swali lenye jibu ni jingine: mtoto aliyekuwa darasa la tatu muhula uliopita, na muhula huu hayupo, yuko wapi? Hili halihitaji theolojia. Linahitaji rejista, na mtu wa kutembea.

Katika msitu wa Shakahola, mwaka 2023, ilifukuliwa miili 429, na mingine michache baadaye. Mwanzoni mwa 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walisomewa mashtaka ya kuwaua watoto 191 katika Mahakama Kuu ya Malindi, na kule Mombasa mashtaka ya kusababisha vifo vya watu 238, mbali na ugaidi na ukatili dhidi ya watoto. Jumlisheni 191 na 238. Waliposomewa waliyakana mashtaka yote, na hukumu ni kazi ya majaji, si yangu. Lakini kwamba waliolala katika mashimo yale karibu nusu ni watoto, hilo halisubiri hukumu ya mtu yeyote. Mpasuaji mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, alieleza kuwa wengi walikufa kwa njaa, na kwamba wapo, watoto wakiwemo, waliokuwa na dalili za kuzibwa pumzi au za kupigwa. Waliowahi kuwa ndani ya kundi wakasimulia kuwa kufa kulipangiwa zamu, na zamu ya kwanza ilikuwa ya watoto.

Watu wazima wa Shakahola tunaweza kubishana juu yao mpaka kesho. Wapo waliouza mashamba na kuacha kazi za mishahara, wakachana vyeti vyao na kuingia msituni kwa miguu yao. Utasema walidanganywa, mwingine atasema walichagua. Mtoto wa miaka sita hakuchagua kitu. Aliamshwa asubuhi akaambiwa tunasafiri.

Na msiseme hamkumjua Mackenzie. Kanisa lake, Good News International, lilianza mwaka 2003, likakua hapa hapa mjini, likawa na televisheni yake. Alihubiri wazi kuwa shule ni ya shetani na hospitali ni ya shetani. Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila raia, ilipokuja mwaka 2019 akasema ndiyo alama ya mnyama. Mwaka 2017 polisi waliwatoa watoto kwa makumi katika kanisa hilo, naye akashtakiwa kwa kueneza itikadi kali na kwa kuwanyima watoto elimu. Shtaka la itikadi kali halikusimama mahakamani. Mwaka 2019 akafunga kanisa, akahamia Shakahola, na wafuasi wakamfuata, wakagawiana msitu na kuvipa vijiji vyao majina ya Biblia, Bethlehemu na Nazareti. Machi 2023 akakamatwa tena baada ya ndugu kupeleka habari polisi kwamba watoto wawili wa familia moja wamekufa njaa na kuzikwa humo. Akatoka kwa dhamana. Wiki chache baadaye ndipo majembe yakaanza kazi.

Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana iliyaandika mengi ya haya katika ripoti yake ya Oktoba 2023, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikayarudia Machi 2024 kwa maneno makali zaidi, kwamba wakuu wa usalama wa Malindi walipewa taarifa za kuaminika wasizifanyie kazi. Sina la kuongeza juu ya ripoti hizo, isipokuwa jambo moja linalonikera kila nikilikumbuka. Hukumu ya kwanza iliyompata Mackenzie baada ya makaburi kufunguliwa, mwishoni mwa 2023, ilikuwa ya kuendesha studio na kuonyesha filamu bila leseni. Serikali iliyoshindwa kuwalinda watoto walionyimwa shule iliweza kuthibitisha kuwa kamera haina kibali.

Ninalotaka mlitazame ni wale watoto wa 2017. Mlikuwa nao mikononi. Mliwaona kwa macho, mkaandika majina yao katika karatasi za polisi. Wakapelekwa wapi? Ni wangapi walirudi darasani, wangapi walirudishwa kwa mzazi yuleyule aliyewatoa shule, na wangapi kati yao majina yao yanalingana na vipimo vya vinasaba vilivyofanywa baada ya 2023? Katika tume zote hizi sijasikia hata moja ikitoa hesabu hiyo hadharani, mtoto kwa mtoto. Naiomba rasmi kwa barua hii. Faili zipo, kwa kuwa kesi ilikuwepo.

Sasa niwaambie kwa nini nasema mfuateni mtoto.

Hakuna anayeweza kumfundisha mtoto kufa mbele ya watu. Fundisho la namna hiyo halidumu siku tatu mahali penye mwalimu, nesi, nyanya na jirani, kwa sababu mtoto mwenyewe atalisema. Mtoto hana siri. Atamwambia mwenzake kwenye foleni ya uji kwamba baba anasema tusile. Ndiyo maana mwenye itikadi ya kuua, awe wa kanisa au wa msikiti, kazi yake ya kwanza si kumhubiria mtoto. Kazi yake ya kwanza ni kumhamisha. Anamtoa shule, halafu anamtoa kliniki, halafu anamtenga na upande wa kina mama mdogo na nyanya, mwishowe anamtoa kijijini kabisa. Mahubiri yenyewe yanakuja baadaye, wakati mtoto hana tena mtu mwingine wa kumuuliza kama haya ni kweli. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawa wameisikia methali hiyo vizuri kuliko Wizara ya Elimu.

Kila hatua katika hizo inaacha alama serikalini. Jina linakosa tiki katika rejista ya darasa, kitabu cha kliniki hakirudi kupimwa uzito, nyumba inabaki tupu na mzee wa kijiji anaiona. Mackenzie hakuzificha alama hizo. Hakuwa na haja ya kuzificha, kwa sababu hakuna ambaye kazi yake ni kuzisoma.

Niwaeleze inavyokwenda shuleni, maana huenda wizarani haijulikani. Mtoto akikosa wiki ya kwanza, mwalimu wa darasa anawauliza wenzake. Wiki ya pili anapiga simu ya mzazi, simu imezimwa. Ana watoto sitini darasani, labda themanini, hana nauli ya kwenda kumtafuta mmoja kilomita kumi na tano porini, na akienda kwa pesa zake hakuna wa kumrudishia. Wiki ya nne mmoja wa watoto anasema, mwalimu, hao wamehama. Basi mwalimu anaandika: amehama. Neno moja, na faili imefungwa. Amehamia wapi, shule gani imempokea, nani amethibitisha? Utaratibu wa uhamisho upo kwa maandishi, na mtandao wa kuwasajili wanafunzi upo tangu 2017, wenye namba ya kila mtoto. Lakini mtandao ule umejengwa kumtambua mtoto anayeingia. Kwa anayetoka bila kuingia kwingine haulii king'ora chochote.

Tena kuna aibu nyingine ndani yake. Shule ya msingi hupewa Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi aliye kwenye mtandao. Mwalimu mkuu mwenye paa linalovuja na deni la chaki ana sababu nzuri ya kutoharakisha kufuta jina. Kwa hiyo yupo mtoto ambaye kwa hesabu za Nairobi bado yuko darasa la nne, analipiwa, na kwa kweli yuko ardhini. Mnapofanya ukaguzi wa wanafunzi hewa mnatafuta pesa zilizoliwa. Sijasikia ukaguzi ambao, ukishakuta jina hewa, ulimtuma mtu kumtafuta mwenye jina.

Watu wa nje huuliza ilikuwaje mamia ya watoto wakatoweka pasi na mtu kushtuka. Wangejua miaka ile ilivyokuwa wasingeuliza. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 walikuwa wengi ambao hawakurudi: huyu ameolewa, huyu anachunga mbuzi, yule anavuta mkokoteni sokoni. Aliyepelekwa Shakahola alipotea ndani ya kundi hilo. Kisha ukaja ukame, misimu mitano ya mvua mfululizo bila mavuno, kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023. Mtoto mwembamba, mwenye nywele zilizobadilika rangi na tumbo lililovimba, huko Ganze na Magarini hakumshtua mtu. Tulikuwa tumezoea. Anayetaka kuua kwa njaa hangepata mahali pazuri pa kujificha kuliko kaunti yenye njaa, na hilo, Mheshimiwa Gavana, ni lenu na la waliowatangulia kuliko lilivyo la mhubiri yeyote. Mahali ambapo mtoto akikosa chakula siku mbili ni jambo la kupigiwa kelele, Shakahola haifiki mwezi.

Nije kwenye jambo gumu. Sheria yetu yote ya watoto inapitia kwa mzazi. Mzazi ndiye anayemwandikisha shule, anayetoa idhini hospitalini, anayepeleka malalamiko polisi. Tumejenga hivyo kwa sababu kwa kawaida mzazi ndiye ampendaye mtoto kuliko sisi sote, na hata Shakahola siamini kwamba walimpenda kidogo. Waliamini wanampeleka mahali pazuri. Hapo ndipo sheria inapokwama, kwa kuwa mlango wa kumfikia mtoto ni mtu yuleyule aliyemfungia ndani. Katiba haikukwama. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya lazima, chakula, matibabu na ulinzi, kisha kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mzazi ana haki ya kufunga na kuomba mpaka magoti yachubuke. Haki hiyo inakomea kwenye mwili wake yeye. Sielewi kwa nini afisa wa polisi mwenye bunduki kiunoni anashindwa kumwambia mzazi hivyo, kwa kuogopa ataambiwa anapinga Injili.

Wanaojua mapema ni jamaa. Soma habari za Shakahola utaona: walioandika ripoti, waliopiga simu, waliokuja kutoka Nairobi na magharibi ya nchi wakiuliza njia ya kwenda msituni, walikuwa kaka, dada, wajomba na nyanya. Ndugu hawa wakifika kituoni huulizwa, wewe ni mzazi? Wakisema hapana, wanaambiwa hayo ni mambo ya familia, au mambo ya imani, kayamalizeni nyumbani. Kwa mila zetu huku Pwani nyanya ndiye mlezi, na mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Kituoni ghafla tunakuwa wageni. Nataka agizo la Inspekta Jenerali, lililoandikwa na kubandikwa ukutani katika kila kituo: jamaa yeyote, mwalimu, au jirani akiripoti mtoto aliyehamishwa kwa sababu za kidini na hajulikani aliko, apewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, siku hiyohiyo, afisa wa watoto wa kaunti ndogo ajulishwe, na mtoto aonwe kwa macho ndani ya siku saba. Aonwe, si aulizwe habari zake kwa simu. Nambari 116 ya kuripoti mateso ya watoto ipo na haina malipo. Lakini anayepokea simu hiyo anahitaji mtu wa kumtuma, na maafisa wa watoto katika kaunti kubwa hivi ni wa kuhesabika, wengine hawana hata pikipiki.

Najua kinachoendelea mezani kwenu ni jambo tofauti. Jopo la Mchungaji Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti Julai 2024, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya tume ya kusimamia dini, usajili wa makanisa, na kama mchungaji awe na cheti cha theolojia. Tuliwahi kupita njia hii. Mwaka 2014 Mwanasheria Mkuu alisimamisha usajili wa makanisa mapya. Mwanzoni mwa 2016 zikaja kanuni za kuyabana, maaskofu na maimamu wakapinga, na Rais wa wakati huo akaziondoa. Sasa tena wachungaji wamekunja mikono ya mashati na wanasiasa wanahesabu kura. Mtakapomaliza kuvutana miaka itakuwa imepita. Na hata mkishinda, cheti kitazuia nini? Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa na mamia wengine wakakutwa katika mashimo. Mmoja wa viongozi wa kundi lile, Dominic Kataribabo, alikuwa padri aliyesoma theolojia mpaka ng'ambo. Cheti alikuwa nacho.

Kanungu ina funzo jingine ambalo halitajwi sana huku kwetu. Mwaka 1998 kundi lile liliwahi kufungwa na wakuu wa serikali kwa sababu ya uchafu wa mazingira na kuwatumikisha watoto, kisha likaruhusiwa kufunguliwa tena. Miaka miwili baadaye ndio moto. Uganda 1998, Malindi 2017: mara zote mbili mlango uliokuwa wazi kwa serikali ulikuwa mlango wa watoto, na mara zote mbili serikali iliingia, ikatazama, ikatoka.

Sipingi usajili. Dhehebu linalokusanya sadaka lionyeshe hesabu zake, nami nitakuwa wa kwanza kulileta daftari la kanisa letu. Ninalosema ni kwamba hilo ni suala la pesa na utapeli, na mjadala wake msiuchanganye na uhai wa watoto, kwa maana utapeli unaweza kusubiri.

Niseme na hili, ingawa wenzangu kanisani hawatalipenda. Kwa miaka mingi huku Pwani maneno "itikadi kali" yalivaa kanzu. Februari 2014 polisi waliuvamia Masjid Musa pale Majengo, Mombasa, wakakamata vijana zaidi ya mia moja, wengine wadogo kabisa. Madrasa ziliangaliwa, maustadhi wakaulizwa maswali, wazazi Waislamu wakaishi na hofu mbili, ya al-Shabaab kuwachukua watoto wao na ya serikali kuwachukua watoto haohao. Hatari ilikuwa ya kweli; wapo vijana wa hapa waliovuka kwenda Somalia na hawakurudi. Lakini jicho lililokazwa upande mmoja halikumwona mtu mwenye suti, maikrofoni na televisheni, aliyekuwa akiwaambia wazazi wawatoe watoto shule. Na nawauliza: kule Majengo, ni nani aliyegundua kwanza kwamba kijana ameharibiwa? Si kachero. Ni mama aliyeona mwanawe hataki tena kula na dada zake, na mwalimu aliyeona kiti kitupu. Ni dalili zilezile, na wanaoziona ni watu walewale, ila mama anapokwenda kusema anaogopa kuwa mwanawe ataishia kupotezwa na wale aliowaendea. Mkitaka wazazi waseme, waondoleeni hofu hiyo kwanza.

Mlivyowatendea waliookolewa Shakahola haikusaidia. Juni 2023 watu 65 waliotolewa msituni wakiwa mifupa mitupu walifikishwa mahakama ya Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa sababu walikuwa wakikataa kula. Mtu aliyefundishwa kwamba serikali ni mnyama wa Ufunuo mlimpeleka kizimbani mkamthibitishia. Afadhali Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho cha kujaribu kujiua kuwa kinyume cha Katiba. Na watoto waliookolewa je? Mtoto aliyeishi miezi akiambiwa chakula ni dhambi hawezi kuponywa kwa sahani ya wali na nasaha za wiki mbili. Anahitaji mtu mmoja wa kudumu, miaka kadhaa, anayejua kazi hiyo, na karibu na jamaa yake aliyebaki. Wapo wasio na cheti cha kuzaliwa kwa sababu kilichanwa, na bila cheti kuandikishwa shule ni mahangaiko, na bila shule ni nani atakayejua wakihamishwa tena?

Maana wanahamishwa tena. Agosti 2025, zaidi ya miaka miwili baada ya Shakahola, pale Kwa Binzaro, katika Chakama ileile yenye msitu wa Shakahola, mlianza kufukua makaburi mengine, zaidi ya miili 30. Eneo la Shakahola lilikuwa limetangazwa la hatari, limewekwa kafyu, limezungukwa na maafisa, na mkaahidi kulijenga kuwa kumbukumbu ya taifa. Kesi hiyo nayo iko mahakamani, siigusi. Nauliza tu: kati ya Aprili 2023 na Agosti 2025, shule za Chakama na za huko wafuasi walikotoka ziliagizwa lini kuleta majina ya watoto waliotoweka?

Msiniambie hakuna pesa. Wahudumu wa afya ya jamii laki moja walizinduliwa Septemba 2023, wana simu za kazi, na kila mmoja ana nyumba anazozitembelea. Machifu na manaibu wao mnawalipa. Walimu mnawalipa, ingawa mnachelewa. Kinachokosekana ni karatasi moja inayotoka kwa mwalimu mkuu kwenda kwa naibu chifu kila baada ya wiki mbili za muhula, yenye majina ya wasioonekana, na naibu chifu huyo kutakiwa kurudisha jibu lenye sahihi: nimemwona, yuko mahali fulani, ni mzima; au, sijamwona. Jibu la "sijamwona" liende kwa afisa wa watoto na kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku hiyohiyo. Mwalimu asiadhibiwe kwa kusema jina halipo, wala shule isikatwe pesa za muhula huo kwa kusema ukweli, la sivyo mtaletewa uongo. Naye mhudumu wa afya akikuta nyumba imefungwa, asiruke kwenda ya pili bila kuandika.

Na wengine mtasema hiyo ni kuwapeleleza waumini. Hapana. Karatasi hiyo haina mahali pa kuandika dini. Mtoto aliyeolewa akiwa na miaka 14 atapatikana humo. Aliyepelekwa kufanya kazi za nyumbani Mombasa atapatikana humo, pamoja na yule aliyevushwa mpaka na watu wenye bendera nyeusi. Hamtahitaji kujua baba yake anasali wapi.

Shule za Kilifi zitafungua muhula wa kwanza Januari, kama kila mwaka. Nataka karatasi ya kwanza itoke wiki ya tatu ya muhula huo, Magarini na Malindi kwa kuanzia, na orodha ya watoto wa 2017 itolewe kabla ya hapo. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mkono katika ofisi ya kaunti ndogo, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Walimu wenzangu walioko kazini wako tayari kujaza fomu hata mkiileta kwa penseli.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Malindi